Namba Katikati ya Pembe

Muuza vitu vikuukuu wa hapa Lewisville alinipa beji ya kofia ya jeshi la Mwingereza niishike. Vidole vikabaki vinanuka shaba, nami nikajiona uani kwa Babu, nina ndimu na majivu mkononi.

Kesho yake Babu alikuwa avae kofia yake ya uaskari kwenye gwaride la wazee. Nilipewa beji yake niing'arishe: pembe ya shaba, mfano wa ile ya kupulizwa, na katikati yake namba ya kikosi. Majivu yalinichelewesha, nikachanganya na mchanga. Nilisugua mpaka nikaona meno yangu.

Babu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, aliipapasa kwa kidole gumba.

"Mchumba, namba yangu umeipeleka wapi?"

"Ipo, Babu. Inang'aa tu."

Akacheka. "Basi kesho mimi ni wa vikosi vyote."

Sikuwahi kumuuliza ilikuwa namba ngapi. Kwa hiyo, kuanzia Houston hadi huku, kila pembe ninayoikuta naichukua. Nina moja, mbili, tatu na tano. Leo nimepata sita.

"Usije ukaisugua," muuzaji alinionya.

Nikamwambia hilo nililijua zamani.