Mfuko Usio na Kiuno

Nikipanda Uru, kijijini kwetu mlimani, siku hizi, namkumbuka baba zaidi mbuzi anapochinjwa. Kazi ya kukoroga damu ilikuwa yake. Aliikoroga kwa kijiti ikiwa bado ya moto, isigande kabla ya kuingia kwenye sufuria ya kisusio, supu yetu ya damu, wala hakuniruhusu nimpokee. "Wewe damu yako iko mjini," alinitania. "Wenzako wanafuga ng'ombe, wewe unafuga damu kwenye friji."

Hakukosea sana. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye chumba cha kuhifadhi damu cha hospitali moja pale Moshi. Damu ya mchangiaji ikitenganishwa, tunapata plazma, majimaji ya njano yenye vitu vinavyofanya damu ikome mtu anapovuja. Vitu hivyo havina subira. Plazma ikichelewa kugandishwa vinapungua, na ikiyeyuka ikagandishwa tena huwezi kuvitegemea. Kwa hiyo kila mfuko tuliufunga rababendi katikati kabla ya kuuweka kwenye friza, ukishaganda tunaitoa. Mfuko unabaki na kiuno. Ukiukuta kiuno kimepotea, ujue uliyeyuka ukaganda upya, hata uwe mgumu kama jiwe.

Ini la baba lilipochoka, akaanza kutapika damu. Ndugu walimleta hospitalini kwetu asubuhi, na daktari akaagiza plazma ya kundi lake. Nilikuta mifuko miwili tu, na yote miwili haikuwa na kiuno. Umeme ulikatika mwisho wa wiki, jenereta ikachelewa kuwashwa, na hakuna aliyeandika popote. Nilitukana kwa sauti, mimi mtoto wa mzee wa kanisa.

Mwenzangu wa zamu aliugonga mfuko mmoja mezani. "Dada, si umeganda huu? Mpe mzee. Bora hiyo kuliko kukosa kabisa."

Hatukujua ilikaa kwenye joto muda gani. Baba wa mtu mwingine nisingempa, na wangu sikumpa. Niliitupa, nikapiga simu kituo cha damu cha Arusha, wakakubali kutuma mingine kwa gari.

Nikaenda wodini. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Dawa yangu bado?"

"Iko njiani. Iliyokuwepo imeharibika."

"Basi tusubiri nzuri," akasema, akafumba macho. Hakuuliza tena.

Mifuko ilifika alasiri, viuno vyake vizuri kabisa. Niliitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, na kuyeyuka kunataka kama nusu saa. Haijamaliza kuyeyuka, nesi akaja kuniita. Baba alikuwa ameshaondoka.

Plazma iliyoyeyuka hairudishwi kwenye friza. Jioni ile ile alipewa mama mmoja aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, na akapona. Nilifurahi. Pia nilimwonea wivu mtoto wake, na sioni aibu kusema hivyo.

Msibani watu walinifariji kwamba mganga hajigangi. Kazini ningefanya vile vile hata kesho, na yeyote anayesimamia friza namwambia afanye hivyo. Lakini nikiwa peke yangu kihambani, shamba la baba, napalilia migomba yake, natamani ningempa tu ile mibovu, afe akijua kwamba mwanawe alimpa kitu.