Kuku Aliyebadili Mlalo

Mama Lombe aliporudi Luanshya kutoka kumuuguza mama yake huko Kawambwa, hata mzigo hakuutua vizuri. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akafungua sehemu ya kugandishia, akasimama kama aliyekuta mgeni kitandani kwake.

Kuku, samaki, vyote vilikuwa vimeganda kama mawe. Lakini barafu za vifuko, alizoziacha zimenyooka, sasa zilikuwa zimepinda na kushika sura ya waya za rafu. Kuku aliyemlaza chali alikuwa amekaa upande, amenata kwenye dimbwi la barafu nyekundu.

"Wifi," aliita, "umeme ulikatika?"

Mukuka, dada wa mumewe aliyeachiwa nyumba, alijibu bila kugeuka. "Mgao tu, wifi. Kidogo."

Mama Lombe alivuka uani kwa jirani, akajifanya anaomba chumvi. Jirani alicheka.

"Mgao? Wiki yote hii umeme umetuheshimu, mama. Labda ulikatika kwenu peke yenu!"

Alirudi na chumvi yake na moyo mzito. Kwa nini Mukuka amdanganye? Au samaki waliuzwa, wakanunuliwa wengine wabovu? Akawa anamwangalia kwa pembe ya jicho. Mukuka hakutulia. Kila mara alichukua simu, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi jasho likimtoka.

"Kuna mtu anaongea naye," Mama Lombe alimnong'oneza mumewe. "Ana mnunuzi."

"Wewe ungekuwa polisi, hata askofu angelala rumande," alisema Baba Lombe. "Pika kuku tule na nshima. Moto unaua kila kitu."

"Moto unaua wadudu. Sumu waliyokwisha kuitema inabaki. Kuku huyu haingii sufuriani."

Mukuka alipotoka tena, Mama Lombe alimfuata akinyata. Hakukuta mnunuzi. Alimkuta ameinama mlangoni pa choo, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika simu aliyokuwa akimulikia humo ndani.

"Umekula nini?"

"Maini ya yule kuku." Mukuka akaanza kulia. "Radi ilipiga mparachichi wa kanisani, nikachomoa waya wa friji. Nikasahau, wifi. Nilipokumbuka, maji yalikuwa yanatiririka sakafuni. Nikachomeka. Jana nikaonja mimi kwanza, ili nikidhurika nyinyi msile."

"Na kama usingedhurika?"

"Ningenyamaza."

Maneno makali aliyokuwa ameyapanga, Mama Lombe aliyaweka kando. Alikoroga maji ya sukari na chumvi, akamnywesha kidogo kidogo, kisha Baba Lombe akampakia kwenye baiskeli hadi kliniki. Mukuka alirudi mnyonge, lakini mzima.

Kesho yake nyama yote ilifukiwa kwenye shimo refu, majivu juu, mbwa wasifukue. Friji ikasuguliwa kwa maji ya moto na magadi. Baba Lombe aliwatazama samaki wakifunikwa udongo kama anayezika shangazi.

"Ukisahau tena, sema siku hiyo hiyo," Mama Lombe alimwambia wifi yake. "Nitakusema wiki nzima, lakini sitakuzika."

"Utanisema mwezi mzima. Nakujua."

Alimsema miwili. Na mpaka leo, kila arudipo kutoka sokoni, Mama Lombe hupeleka mkono nyuma ya friji kupapasa waya kabla hajasalimia mtu.