Mnada wa Matobolwa

Niseme mapema kwamba hasira haijaniisha, na sitaificha eti kwa sababu jambo lenyewe lilitokea kanisani.

Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake kijijini, upande wa Mwandoya. Mimi nashona nguo mjini Bariadi. Mwaka huu nilienda kumsaidia kuchuma pamba, nikakuta majirani hawamsalimii. Wanawake waliozoea kuchuma naye kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, hawakuja. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki, na mtu fulani akayatazama macho ya mama, akayaona mekundu. Basi, maneno ya uchawi yakaanza.

Macho mekundu! Kuni zenyewe ziko wapi pale kijijini? Kila mwanamke anapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kwenye jiko lisilo na dirisha, moshi unamwingia tangu siku anapoolewa. Mama amechemsha viazi vitamu humo maisha yake yote, akavikata vipande na kuvianika juani hadi vikawa matobolwa, chakula kinachotuvusha miezi ya njaa. Nusu ya hao wanaonong'ona juu yake wameyala utotoni. Leo wana simu kubwa mfukoni, wanatumiana video mchana kutwa, lakini moshi unaowatoa machozi wake zao hawauoni. Na sote tunajua maneno ya namna hii huku kwetu huishia wapi. Kuna vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho tu.

Jumapili tulienda ibada. Kwenye kanisa letu, asiye na fedha hutoa mazao, na ibada ikiisha yananadiwa nje. Mama alipeleka beseni la matobolwa. Mzee wa kanisa ndiye aliyenadi. Kuku aliwauza kwa utani mwingi, watu wakacheka, mayai nayo yakaenda. Alipofika kwenye beseni letu alinadi mara moja, kwa sauti ya chini. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kisha mzee huyo, aliyekuwa ametuongoza kusali muda mfupi tu uliopita, akalisogeza beseni pembeni kwa mguu.

Sadaka, kwa mguu! Nilisimama nikasema nanunua mimi, nikaongeza na maneno ambayo siyaandiki hapa. Mama akanivuta gauni.

"Kaa chini," akasema. "Nimemletea Mungu, sikukuletea wewe."

Nyumbani nilimwambia afungashe twende Bariadi. Sikumbembeleza, nilifoka. Yeye aliendelea kuchambua pamba, safi huku, chafu kule.

"Nikiondoka watasema ni kweli," akasema. "Halafu hiyo pamba ataichuma nani?"

Nikamuuliza huyo Mungu wake anamsaidia nini hasa. Akanijibu kwamba amempa kazi ya kufanya kesho, na mikono ya kuifanyia, na kwamba niache kupiga kelele kama mnadani. Tulichuma wawili wiki nzima. Nilimsikia akiimba mapambio kwenye mstari wake, na nikauchukia hata wimbo wenyewe. Jumapili iliyofuata akajitwisha beseni lingine. Nilifuatana naye kwa kuwa niliogopa kumwacha aende peke yake.

Ilipofika zamu ya beseni, mikono ikabaki chini vilevile. Ndipo akajitokeza mama wa yule mtoto aliyefariki. Bado ni binti mdogo, na hakuwa ametoka nyumbani kwake tangu mazishi. Nilidhani amekuja kumtukana mama, nikajiandaa. Akainama, akachukua kipande cha matobolwa, akakitia mdomoni. Matobolwa ni magumu yakiwa makavu. Alitafuna taratibu mbele ya watu wote, nasi tukasubiri hadi alipomeza.

"Mwanangu alikufa kwa homa," akasema. "Nilikuwa nimempakata mimi. Huyu mayu, mama yetu huyu, ndiye aliyekuja kuniwashia moto, mimi hata kusimama sikuweza. Nyie mlikuwa wapi? Haya, nitazameni macho. Na yangu ni mekundu. Mimi mtaniua lini?"

Kisha mkono mmoja ukanyooshwa, na mwingine, na mzee wa kanisa akaipata sauti yake. Bei ilipanda kupita ya kuku. Wengine wanasema Roho alishuka siku ile. Mimi niliona aibu tu, na nilitamani bei iwapandie hadi wauze ng'ombe wao. Hakuna aliyemwomba mama msamaha, si siku ile, si hadi leo. Walinunua matobolwa wakadhani wamemaliza.

Jumatatu asubuhi tulikuta mtu ametutangulia shambani. Ni yule binti, amejifunga kiunoni shuka la kutilia pamba, ameshaanza mstari.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia mama.

Mama akaitikia, nasi tukashika mistari yetu. Jua lilipoanza kuchoma nikamsikia binti akilia, huku mikono yake ikiendelea kuchuma. Mama hakumwambia anyamaze. Aliuacha mstari wake nusu, akahamia kwenye ule wa binti, upande wa pili, wakawa wanachuma mti mmoja mmoja pamoja.