Nyasi Mbichi Chini ya Ukuta

Mwaka niliostaafu kufundisha, daktari aliniambia nitembee nusu saa kila asubuhi kwa sababu ya presha. Basi nikawa natembea hadi silanga, lile bwawa la udongo lililo juu ya ploti zetu huku Kitengela, halafu narudi. Mwenye shamba alilichimba zamani kwa ajili ya ng'ombe wake, kabla hajaanza kutuuzia ardhi vipande vipande. Sisi wageni wa ploti tuliliita ziwa. Mvua zikiwa nzuri lilitanuka hadi mtu aliyesimama ng'ambo humtambui uso, na bata bukini walikuja wawili wawili, wakitembea ukingoni kama wenye nyumba.

Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka chini ya ukuta wake.

Januari ile jua lilikuwa kali. Nyasi zilikuwa zimebadilika rangi zikawa kama mkate, na udongo mweusi ulikuwa na nyufa za kuingiza mkono. Ndipo nikaona, chini ya ukuta wa silanga, upande wa nyumba zetu, kipande cha nyasi mbichi. Hakikuwa kikubwa, mkeka mmoja ungekifunika. Yangeyange wawili walisimama pale wakidonoa, ilhali maji yalikuwa upande wa pili wa ukuta. Nikajiuliza wanakula nini mahali pakavu. Nikasogea nikakanyaga. Kiatu kikazama kidogo, na nilipokitoa kikafanya sauti ya kunyonya.

Nilimweleza mume wangu tukinywa chai. Yeye ni fundi wa mawe, ukuta anaujua.

"Bwawa la udongo lazima litoe jasho," akasema. "Hata mtungi hutoa jasho."

"Mtungi hauko juu ya nyumba yangu."

Alicheka. Lakini mimi tangu siku hiyo sikutembea tena kwa sababu ya presha. Nilikwenda kuangalia ile nyasi. Wiki ya kwanza ilikuwa mkeka mmoja, wiki ya pili mikeka miwili. Kukatokea chura. Kukatokea vijimaji vyembamba, safi kama vya chemchemi, vikichuruzika kati ya mawe na kupotea kwenye nyufa.

Hali ya hewa nayo haikunipa raha. Asubuhi nilitoka na sweta kwa ajili ya ukungu. Saa nne sweta ilikuwa imefungwa kiunoni. Saa saba kisulisuli kilipita kati ya nyumba kikibeba mifuko na nguo za watu. Saa tisa mawingu yalijikusanya juu ya vilima vya Ngong, meusi tititi, tukakimbia kuanua, halafu yakatawanyika bila kudondosha tone. Mimi ni mtoto wa Ukambani. Nimelelewa nikiomba mvua, nikimwona mama akitoka nje kunusa upepo. Sasa nilikuwa nasimama jikoni nikiomba isinyeshe, na niliona haya kuomba hivyo.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kimaasai, jirani yetu wa upande wa malisho, aliyenywesha ng'ombe wake pale kila siku. Ni mkubwa kwangu kidogo. Yeye aliniita Mwalimu, mimi nikimwita yeyo, kama wanavyomwita mama kwa lugha yao.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia.

Nikamwonyesha ile nyasi. Hakushangaa hata kidogo.

"Hiyo ni nguchiro," akasema. "Wamechimba huko ndani ya ukuta, wako na watoto hata. Maji imefuata njia yao."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani? Nikisema, yule mzee mwenye shamba atafungua maji yote iende. Ng'ombe zangu zitakunywa wapi?" Alinitazama moja kwa moja. "Mwalimu, wewe uko na tanki kwa nyumba. Mimi niko na hii."

Ningeweza kwenda kwa mwenye shamba siku hiyohiyo. Nyumba yake ni mwendo wa dakika kumi. Sikwenda. Nilijiambia kwamba yeye amekaa hapa maisha yake yote na anajua, kwamba mzee wangu ni fundi na anajua, kwamba mimi ni mwanamke mwenye presha na siku tupu. Nilinyamaza wiki tatu. Nilikuwa nikisikia lori likipita barabarani, nafikiri ni maji.

Siku ya Jumamosi mwezi wa pili, tumemaliza kula, ngurumo ikasikika mbali upande wa Kajiado. Juu yetu hakukuwa na wingu. Nguo zilikuwa zinakauka kwenye kamba. Nilivaa viatu nikapanda hadi silanga, na nilipofika nikakuta mkondo ambao ulikuwa mkavu tangu Krismasi unaingiza maji mekundu, yakibeba majani, matawi na ndala moja ya bluu. Mvua ya huko juu ilikuwa imetufikia bila sisi kuiona. Maji yalikuwa yakipanda ukutani nikiwa nimesimama.

Nikashuka mbio hadi kwenye nyasi. Vile vijimaji havikuwa safi tena. Vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na vilitoka kwa nguvu. Maji safi yanapita tu. Maji machafu yanakula. Yalikuwa yanatoka na udongo wa ndani ya ukuta.

Mzee wangu alikuwa akisikiliza redio. Nilimvuta mkono hadi pale. Alichovya kidole, akakitazama, na safari hii hakucheka.

"Toa watu," akasema. "Naenda kwa mwenye shamba."

Kumtoa mtu ndani kwa sababu ya mafuriko huku jua linawaka ni kazi. Kwenye nyumba ya kwanza alikaa mama aliyejifungua, mtoto hajamaliza hata mwezi. Alisimama mlangoni akaangalia juu.

"Mwalimu, mvua iko wapi?"

Nilijaribu kueleza, maneno yakagongana. Mwishowe nikamchukua mtoto mikononi mwake na kuanza kuondoka naye. Alinifuata akipiga kelele, miguu mitupu, na majirani waliotoka kuona kelele ni za nini nao wakatufuata. Hivyo ndivyo tulivyofika juu ya barabara, watu wa nyumba saba, mtoto akilia begani kwangu na mama yake akinitukana.

Wanaume walifika na majembe na sururu. Walianza kuchimba mfereji kwenye kona ya mbali, ili maji yaende malishoni badala ya kuja kwetu. Sururu ziligonga mwamba. Wakahama, zikagonga tena. Yeyo alikuwa amesimama na ng'ombe wake, shuka limefunika nusu ya uso. Kisha akaja mbele.

"Wacha hapo. Hapo ni mawe mpaka chini." Akapiga ardhi kwa fimbo yake, hatua kama ishirini kando. "Chimba hapa."

Pakachimbika. Maji yakatoka, kwanza kwa aibu, halafu kwa kishindo, na jioni silanga ilikuwa imepungua nusu. Siku ya Jumanne sehemu ya ukuta, upana wa geti, ililala chini. Maji yaliyokuwa yamebaki yalifika kwenye mlango wa nyumba ya kwanza, ya kufika kifundoni, yakaacha matope na kambale wanne. Yule mama alikuja na mtoto wake mgongoni, akasimama mlangoni kwangu akalia.

Yeyo sikumwona kwa muda. Aliondoka alfajiri kupeleka ng'ombe kwenye kisima cha mbali. Nilipokutana naye nilimwambia alete ndama wanywe kwenye tanki letu, siku moja moja. Aliwaleta kesho yake.

"Nilijua, na nikanyamaza wiki tatu," nikamwambia siku moja, ndoo mkononi.

"Mimi nilinyamaza mwaka," akajibu, akaendelea kumshika ndama masikio.

Mwenye shamba anasema atajenga ukuta upya kabla ya mvua ndefu. Mzee wangu ameshapima. Ameniuliza ninaonaje, ujengwe au usijengwe, nami sijamjibu bado, kwa maana ng'ombe wa yeyo ninawaona na mlango wetu pia ninauona.