Tulikwenda kuomba msamaha huku rufaa yetu inasema kijana hakumpiga mtu

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na aibu yake bado ninayo.

Mimi ni Mluguru wa Mlali, nafanya kazi ofisini huku Mazimbu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mpwa wangu Shabani akiharibu, anayesimama ni mimi mjomba wake, siyo baba yake.

Na aliharibu kweli. Aligombana na jirani yake Idi kwa ajili ya maji ya mfereji wa bustani, akampiga mpini wa jembe begani. Mahakama ya mwanzo ikampa miezi sita jela.

Tukakata rufaa wilayani, akatoka kwa dhamana. Sababu za rufaa niliandika mimi, msomi wa familia: eti siku hiyo Shabani hakuwepo mferejini, alikuwa kwangu mjini.

Dogo aliniambia, "Mjomba, lakini nilimpiga."

Nikamwambia anyamaze, mambo ya mahakama hayajui.

Rufaa ikiwa inasubiri tarehe, jamaa mmoja anayeelewa sheria akanidokeza kwamba kesi ya aina hiyo mnaweza kupatana, mkamweleza hakimu, akiridhika inaishia hapo. Nikaona mambo yamekuwa mepesi.

Nikabeba mchele na jogoo, tukapanda na Shabani hadi kwa baba yake Idi. Mzee alitupokea vizuri, akasikiliza, tukala. Mwisho akasema kwa upole, "Sasa mbona hili mmeniletea mimi? Idi ana mjomba wake."

Wakuu, nimekwenda pale kwa cheo cha ujomba, halafu nimesahau kwamba na mwenzetu anaye! Mji umenilemaza.

Tukateremka hadi kwa huyo mjomba, mzee Kibwana. Nikatoa shikamoo, nikaanza hotuba ya ujirani na shetani aliyepita katikati. Akaniacha nimalize.

"Karatasi zenu za rufaa Idi alipewa nakala, tukasomewa," akasema. "Mmeandika huyu hakuwepo. Sasa msamaha mnaoomba ni wa nini?"

Na hata pale nilikuwa napiga hesabu zangu: tukikiri, halafu hakimu akayakataa mapatano, dogo kajifunga mwenyewe.

Shabani hakupiga hesabu. "Nilikuwepo, babu. Nilimpiga. Na maji yalikuwa zamu yake."

Hakutaja nani aliandika zile sababu. Mzee naye hakuuliza, alinitazama tu. Nilijiona mdogo kuliko yule kijana.

Msamaha wa Shabani ukapokelewa, na siku ya rufaa hakimu akauliza pande zote mbili, Idi akasema ameridhia kwa hiari yake. Mapatano yakaandikwa, Shabani akaachiwa.

Nje mzee Kibwana alimshika mkono Shabani, wakacheka kidogo. Nilipotoa wangu akasema, "Wewe mwenzangu bado hujaniambia kitu." Akaondoka.

Nilichojifunza: mkitaka kupatana, kwanza uondoeni ule uongo mliopeleka mahakamani, na mjue nani hasa wa kuombwa radhi. Kesi yetu imekwisha, ila ya kwangu na yule mzee iko palepale.

Nataka kupanda tena Mlali, safari hii peke yangu na bila jogoo. Waliowahi kuomba radhi ukubwani, hivi mnaanzaje? Hata mkinisema, nitasoma yote.