Mpika Chai wa Doha Aliyekataa Kutia Sahihi

Saa nne kasoro robo asubuhi. Joto la nje limeshapita digrii arobaini, na Jeptoo anapangusa vumbi kwenye paa la kanisa kwa brashi ya kujipodoa.

Kanisa lenyewe halizidi kiganja. Limesimama katikati ya kijiji cha Kiingereza kilichoundwa kwa mbao na gundi juu ya meza, ndani ya ofisi ya vioo katika mtaa wa wenye nazo hapa Doha. Kuna nyumba kumi na moja za kuezekwa kwa nyasi na kuna bwawa la bata watatu. Bata wa nne alimezwa na mashine ya kufyonza vumbi mwezi wa Ramadhani, na mpaka leo hakuna aliyemuulizia.

"Hawa wanalala na AC," anasema Jeptoo akiwapuliza. "Sisi chumbani tuko sita na feni moja, na hiyo feni ina kikohozi."

Kampuni inayomwajiri huuza nyumba za kale za vijijini Uingereza. Wateja ni madaktari, marubani na wafanyabiashara wanaotafuta pa kukimbilia jua la Julai. Jeptoo, mwenye umri wa miaka 36, mzaliwa wa Mosoriot katika Kaunti ya Nandi, huwapikia chai ya maziwa, hufagia na hupanga brosha. Kitambulisho chake cha ukaaji kinasema "mfanyakazi wa usafi". Mshahara ni riali 1,700 kwa mwezi, na chumba kiko Al Mansoura.

Ana hasira, na anaomba zisiandikwe kwa adabu.

Hasira zenyewe zimo kwenye karatasi moja iliyolala juu ya meza ya mudiri, kama wafanyakazi wanavyomwita meneja wao. Ni barua ya onyo. Jeptoo anatakiwa aitie sahihi kabla ya Alhamisi, la sivyo mkataba wake unaokwisha mwezi ujao hautaongezwa. Kosa lake limeandikwa kwa maneno matatu: kuongea na mteja.

"Ningeiba sukari ningeelewa," anasema. "Mimi nimeongea ukweli."

Ukweli huo ulihusu nyasi, na nyasi Jeptoo anazijua. Alipokuwa msichana alizibeba kichwani kutoka bondeni kila bibi yake alipoezeka nyumba upya. Anajua zikatwe lini, zikaushwe vipi, na kwamba paa lisipochongwa mwinamo wa kutosha mvua huingia bila kubisha hodi. Shuleni, wenzake wa nyumba za mabati walimwita "Kunguni wa Nyasi". Shangazi yake mmoja alikosa mchumba kwa sababu posa ilifika, ikatazama paa, ikarudi.

Kisha akaja Doha akakuta paa lile lile limewekwa kwenye brosha ya karatasi ya kung'aa, bei yake inatosha kununua nusu ya Mosoriot pamoja na ng'ombe wake.

"Kwetu ni umaskini. Limevuka maji, limekuwa urithi wa kihistoria!" anasema, na hacheki.

Kwa miaka mitatu amekuwa akibeba brosha zilizochakaa, badala ya kuzitupa, na kuzisoma Ijumaa akiwa mapumzikoni, kamusi ya simu pembeni. Mwenzake wa chumbani, Scovia, mlinzi kutoka Mbale, humchokoza bila huruma.

"Dada, leo umenunua ya ngapi?"

"Ya saba. Lakini hii nairudisha. Choo chake ni cha shimo la kunyonywa na lori."

"Mzungu pia ana choo cha shimo?"

"Tena analipia."

Ndivyo alivyojua mambo ambayo picha hazisemi. Kwamba katika kijiji kama Nether Thornwick, kilichoundwa pale mezani, wanaishi watu mia mbili na kumi, wana baa moja, na basi hupita mara mbili kwa wiki likijisikia. Kwamba milango ni mifupi hata mtu wa kimo cha kawaida hujigonga kichwa mpaka azoee kuinama. Kwamba njia ya umma yaweza kukatiza uani mwako, na wapita njia wakakusalimu ukiwa umevaa kanga ya kuogea, kwa haki kamili ya kisheria.

Na kwamba nyumba nyingi zimeandikwa hivi: "Imeorodheshwa, Gredi ya Pili."

Hapo ndipo Bradley anapoingia. Bradley ni Mkenya, kijana wa Nairobi, miaka 27, suti ya buluu, kiatu chenye ncha ya kuchomea mshikaki. Ndiye muuzaji. Ana shahada na ana sauti tamu. Huyu bwana angeweza kumuuzia ngamia mchanga.

Wiki tatu zilizopita aliingia mteja, Daktari Shamira, mama wa miaka sitini na kitu, Mhindi aliyezaliwa na kulelewa Kisumu. Alitaka nyumba karibu na bintiye anayesoma Uingereza. Akaipenda moja ya Nether Thornwick. Akauliza, kwa Kiingereza, hiyo Gredi ya Pili maana yake nini.

Bradley hakupepesa macho. Alimweleza kwamba "imeorodheshwa" ni kusema imeingizwa kwenye orodha ya zinazouzwa. Na Gredi ya Pili? Hiyo ni daraja la ubora, mama. Si mbovu, ila si ya kwanza. Ndiyo maana tunaweza kuzungumza bei.

Msomaji aliyewahi kupeleka mahindi ghalani ameshaelewa kosa lilikotoka. Gunia likiitwa gredi ya pili, unajua umeshapunjwa. Bradley alikwenda chuo kikuu, lakini ghala lilikwenda naye.

Daktari alifurahi. Akaanza kupanga kwa mikono: ukuta huu wa jikoni nitauvunja, hapa nitaweka kioo kikubwa, na hizi nyasi zitoke zote, niweke vigae, nyasi zitaniletea panya.

"Hakuna shida hata kidogo," Bradley alisema. "Ukishanunua ni yako."

Jeptoo alikuwa ameshika trei. "Niliweka vikombe, nikaondoka. Kufika mlangoni, mguu ukakataa. Nilijua huyu mama anapelekwa mahakamani akitabasamu."

Kwa sababu maana yenyewe ni kinyume kabisa. Nyumba iliyoorodheshwa inalindwa na sheria ya Uingereza kwa ajili ya historia yake. Gredi ya Pili ni kiwango cha ulinzi huo. Ukivunja ukuta au ukibadili paa bila kibali, umetenda jinai, hata kama hati ina jina lako.

Akarudi. Hakuwa na Kiingereza cha kumtosha kwa haraka ile, hivyo akatumia alichokuwa nacho.

"Samahani, mama. Usivunje chochote. Hiyo nyumba ni yako kulala, si yako kubomoa."

Daktari aligeuka. "Eh! Wewe wa wapi, binti?"

"Nandi, mama."

"Mimi Kisumu! Hebu rudia ulivyosema."

Bradley alicheka kile kicheko cha watu wenye tai. "Auntie, weka chai usepe. Usiniharibie soko."

"Soko unaliharibu mwenyewe. Piga simu Uingereza, uliza."

Daktari ndiye aliyesisitiza ipigwe, na ipigwe kwa spika, kila mtu asikie. Wakili wa huko akathibitisha kila neno, ukuta, dirisha, mpaka rangi ya mlango. Jeptoo, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akauliza na lake: moshi wa jiko unapita wapi, na bomba lake lilikaguliwa lini? Paa la nyasi halina mzaha na cheche. Wakili akasema hilo ndilo swali la kwanza ambalo mnunuzi angepaswa kuuliza.

Daktari hakukimbia. Alitaka ukaguzi wa bomba, akaupata, na siku kumi baadaye akanunua nyumba na nyasi zake zote, akijua anachokinunua.

Kwenye kundi la simu la kampuni ikatumwa picha ya Bradley akiwa na shada la maua: Muuzaji Bora wa Mwezi. Jeptoo ndiye aliyetumwa kuyatia maua maji. Mchana uleule akaitwa kwa mudiri, akasukumiwa barua.

Alipoulizwa, Bradley hakukana. "Niliteleza kidogo, ni ukweli. Lakini kila mtu ana kazi yake. Yeye ni auntie wetu, tunamheshimu sana."

"Miaka tisa tu ndiyo iliyo kati yetu," Jeptoo anajibu, sauti ikipanda. "Ananiita shangazi ili asiniite mwenzake. Heshima gani hiyo ya kumsogeza mtu jikoni?"

Mudiri alikataa kuhojiwa. Alituma ujumbe kwamba kampuni inamthamini kila mfanyakazi. Hakutaja jina la anayemthamini, huenda halijui: kwenye barua ya onyo limeandikwa "Jepto", herufi moja imekatwa kama mshahara.

Jumatatu wiki hii simu ililia. Daktari Shamira ana wifi yake, naye anataka nyumba ya kale, atakuja Alhamisi saa nne. Ila ana sharti moja: aelezwe na yule binti wa Nandi.

Mudiri akamwita Jeptoo tena. Barua ilikuwa bado mezani, kalamu juu yake. Akampa mpango alioupanga mwenyewe, na akaonekana kuuonea fahari. Jeptoo atatia sahihi. Alhamisi ataleta chai kama kawaida, atasimama pembeni. Bradley akikwama, Jeptoo amnong'oneze jibu kwa Kiswahili, mteja asielewe.

"Nilimwangalia," Jeptoo anasimulia. "Nikamwambia, mudiri, hawa wateja ni watu wa Kisumu. Kiswahili wanakijua kuliko Bradley."

Scovia alipohadithiwa chumbani alicheka mpaka akashika ukuta. Jeptoo hakuweza. Anasema kilichomchoma si ujinga wa ule mpango. Ni kwamba mtu mzima alikaa akafikiria kwa makini namna ya kutumia kichwa chake bila kukiri kwamba anacho.

"Nitie sahihi kwamba sitaongea na wateja, kisha niongee na wateja, kwa kupitia mdomo wa mtu mwingine! Mimi ni bomba la maji?"

Hakutia sahihi. Aliirudisha barua upande wa pili wa meza na kutoa masharti yake mawili: barua ichanwe, na kampuni iombe kazi iliyoandikwa kwenye kitambulisho chake ibadilishwe kuwa muuzaji, kwa mshahara wa muuzaji. Wasipokubali kufikia Jumatano jioni, atatoa notisi ahamie mwajiri mwingine, jambo ambalo sheria ya hapa inamruhusu. Ameshazungumza na ofisi ndogo ya nyumba Al Rayyan, na wamemwita Jumapili kwa usaili. Anataka siku moja afungue meza yake mwenyewe, auze nyumba za kale kwa watu wa Afrika Mashariki walioko Ghuba, na awaambie kasoro zote kabla ya kuwaonyesha picha.

Mudiri alimuuliza ni nani atakayenunua nyumba kwa mpika chai.

"Nikamwambia Daktari Shamira ana namba yangu, na mimi nina yake, na ya wifi yake pia. Akauliza, hicho ni kitisho? Nikamwambia hapana, mudiri. Hiyo ndiyo kazi ya muuzaji."