Nywele za Kwanza za Nandu

Kwa miaka sita, mtu yeyote wa Bharmour, kijiji cha milimani, aliyemuuliza Mwalimu Tripta Devi habari za binti yake alipewa jibu lile lile: Shivani yuko Delhi, anafundisha shule ya wasichana, kazi ni nyingi na likizo ni fupi. Alilitoa amesimama wima, mtandio wake mweupe wa ujane umetulia kichwani, na hapakuwa na aliyethubutu kuuliza swali la pili.

Ukweli ni kwamba Shivani alikuwa Chamba, mwendo wa nusu siku kwa basi, mke wa Hemraj, msaidizi wa daktari wa mifugo. Hemraj hakuwa mlevi wala mvivu. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa Msipi, wa tabaka la chini, watu waliokata manyoya ya kondoo wa wenzao tangu enzi za mababu. Katika nyumba ya Pandit Durga Dutt, marehemu mume wa Tripta, Brahmani wa tabaka la juu la makuhani, Wasipi walinywa chai uani, kwa bilauri yao ya peke yake iliyokaa juu ya ukuta. Siku Shivani alipomleta Hemraj nyumbani, Tripta hakupiga kelele. Alimimina chai katika bilauri ile, akamwekea kijana mbele yake. Shivani aliitazama, akaichukua, akainywa chai yote yeye mwenyewe, kisha akatoka na Hemraj. Hakurudi.

Ujumbe wa kwanza tangu siku hiyo uliletwa na mchanjaji wa mbuzi aliyefanya kazi na Hemraj. Alisimama langoni, kofia mkononi, akausema kama alivyoukariri. Shivani ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu, anaitwa Nandu. Aliugua mapafu, wazazi wakaweka nadhiri kwamba akipona, nywele zake za kwanza zitanyolewa ziwani Manimahesh, chini ya mlima wa mungu Shiva. Watakuwa huko siku ya Radhashtami, sikukuu ya kuoga ziwani. Vinay, kaka wa Shivani, yuko jeshini mpakani, hana ruhusa. "Amesema, mama aje," kijana alimalizia. "Amesema hana mwingine."

Tripta hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtoto anaponyolewa mara ya kwanza, nywele haziachwi ziguse ardhi. Hupokelewa katika mtandio na upande wa mama yake, na upande huo huo ndio humvalisha nguo mpya. Tangu hapo, kila jambo la mtoto yule, mpaka harusi yake, haliendi bila nyumba ile kuitwa. Mama asiyepata mtu wa kusimama siku hiyo huonekana na ziwa zima kuwa hana kwao.

"Mwambie nimesikia," alimjibu kijana.

Hakusema atakwenda wala hatakwenda. Lakini wiki ile alitoa sufu nyeupe aliyoihifadhi, akaifumisha joho dogo la wachunga kondoo, na kamba ya sufu nyeusi ya kuzungusha kiunoni akaisokota mwenyewe, madirisha yamefungwa. Mfumaji alipouliza joho ni la nani, alimwambia ni la mjukuu wa rafiki. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Siku ya Radhashtami watu hujaa ziwani kama kondoo zizini. Angependa kuona ni nani atakayemwona bibi mmoja akiinama mbele ya mtoto mmoja. Angepokea nywele, angemvalisha mjukuu wake, angeshuka, na jina la Pandit Durga Dutt lingebaki mahali pake. Jina hilo lilikuwa na kazi bado: Kaplesh, mke wa mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akimwombea Vinay mchumba katika ukoo wake.

Kwa kuwa mjane wa heshima hapandi mlima peke yake, alifuatana na jirani yake Bhagto, mke wa mchunga kondoo, mwanamke mwenye miguu ya mbuzi na mdomo usiochoka. Waliteremka kutoka kwenye basi hapo Hadsar asubuhi, wakashika njia ya mawe kando ya mto.

"Mwalimu," Bhagto alisema kabla hata hawajafika mbali, "unapanda kama mtu anayekwenda kukagua shule."

"Na wewe unaongea kama redio iliyokosa wa kuizima."

"Redio huisha betri. Mimi betri yangu ni maziwa ya mbuzi." Akanyoosha mkono. "Lete hicho kifurushi nikubebee."

"Kiache. Ni nguo za kubadilisha."

Bhagto alikitazama kifurushi, kidogo kama mkate, akamtazama Tripta alivyo mrefu. "Haya," alisema. "Shiva atakuona umevaa hizo, atacheka mpaka theluji ianguke."

Walilala Dhancho, katika hema la chakula cha bure cha mahujaji, na hapo ndipo mpango wa Tripta ulipopata ufa wa kwanza. Kaplesh alikuwa ameketi kwenye mkeka, sahani ya wali na maharagwe mekundu mapajani, shali yake ya Chamba ikimeta.

"Loo, Mwalimu! Na wewe? Mwaka jana si ulisema magoti?"

"Magoti yamepata ruhusa."

"Basi tutakwenda pamoja. Kuna mengi ya kuongea kuhusu Vinay wetu." Akasogea kumpa nafasi. "Na Shivani? Huko Delhi hawapewi hata siku mbili za kuja kumwona Shiva?"

"Kazi ni nyingi," alisema Tripta.

Bhagto alikuwa akipuliza chai yake. Aliendelea kuipuliza hata ilipokuwa imepoa.

Kesho yake njia ilisimama kama ngazi. Watu walipanda wakinusa kafuri kutuliza kichwa kinachoumwa na hewa nyembamba, wakiitana kwa jina la Shiva kila penye kona ili pumzi isikate. Walifika Gauri Kund, bwawa la wanawake, wakaoga maji yaliyouma mpaka kwenye mifupa. Tripta aliomba jambo moja, na hakuliomba kwa sauti: Kaplesh achoke, abaki nyuma. Kaplesh hakuchoka.

Ziwani, mlima ulikuwa wazi. Miaka mingine Tripta alifika akakuta wingu limeukalia, watu wakinong'ona kwamba kuna mwenye dhambi kati yao. Siku hii kilele kilionekana chote, cheusi na cheupe. Watu walipiga magoti juu ya mawe wakilia.

Kisha ngoma zikaanza, na Wasipi wakaja. Hapo ziwani hakuna aliyekumbuka bilauri za ukutani. Wao ndio waliokabidhiwa kuvuka maji kwanza, tangu zamani ambazo hakuna azijuaye. Shiva huwapanda, huingia majini wakitetemeka na kupiga mayowe, huvuka ziwa hadi ng'ambo, na kabla hawajavuka hakuna Brahmani wala tajiri anayethubutu kuchovya kidole. Walipotoka upande wa pili, umati uliwaangukia kugusa miguu yao na kusubiri neno, kwa kuwa neno lao saa ile ni la mungu.

Tripta aliinama pamoja na wote. Mguu alioushika ulikuwa wa mzee mmoja, umepauka kwa baridi, unatetemeka. Alipoinua macho alimtambua. Alikuwa Machlu, baba yake Hemraj. Tripta alikuwa hajawahi kumkaribisha nyumbani kwake, na sasa maji ya miguu ya mzee huyo yalikuwa kwenye paji la uso wake.

Mzee alimwekea mkono kichwani. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Mtoto yuko pale penye bendera nyekundu," alisema. "Wanakusubiri."

"Nani anakusubiri, Mwalimu?" Kaplesh alikuwa begani kwake.

Tripta alisimama, akajipangusa. "Mungu husema kwa mafumbo," alijibu. "Pengine ni marehemu mume wangu."

Alipolisema hilo alihisi kitu kikimteleza ndani, kama mtu aliyekanyaga jiwe lenye barafu. Lakini Kaplesh aliinamisha kichwa kwa heshima, na hilo likamtosha kwa muda ule.

Bendera nyekundu ilikuwa hatua thelathini kutoka hapo. Kinyozi alikuwa amechuchumaa, anatia wembe makali. Hemraj alimshikilia mtoto mapajani. Na Shivani alisimama nyuma yao, amenenepa kidogo, macho yanatafuta katika umati, uso kwa uso, mpaka yakafika kwa mama yake. Yakasimama hapo.

Hakuita. Alimjua mama yake. Alisubiri tu, mikono imeshikana mbele, kama alivyokuwa akisubiri utotoni kusomewa alama zake za mtihani.

"Mwalimu," Bhagto alisema polepole. "Kinyozi yuko tayari."

Tripta alishika kifurushi kwa nguvu. Hatua thelathini. Alijiambia, ngoja Kaplesh ageuke. Kaplesh hakugeuka, alikuwa akiangalia pale pale, kwa utulivu, kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa yasifurike.

"Mtoto anasikia baridi," Bhagto alisema tena. "Nenda."

"Niende wapi? Siwajui wale."

Bhagto alimtazama. Hapakuwa na mzaha tena usoni. "Huwajui?"

"Nimesema siwajui."

"Basi mimi nawajua," alisema Bhagto, akakata umati kwa bega kama anayepita katikati ya kundi lake.

Tripta aliona yote. Aliona Bhagto akivua mtandio wake kichwani mbele ya watu, nywele zake za mvi nje, akautandaza chini ya kichwa cha mtoto. Aliona wembe ukipita na nywele laini nyeusi zikiangukia kitambaani, hata unywele mmoja haukugusa jiwe. Bhagto hakuwa na nguo mpya. Alivua shali yake ya sufu, akamfunika mtoto aliyekuwa akilia, akamzungushia mara mbili, akambusu kipara. Hemraj aliinama kumgusa Bhagto miguu. Shivani naye akainama, na alipoinuka hakutazama tena upande wa mama yake.

"Mwanamke mwema, Bhagto," alisema Kaplesh. Akafungua mkoba wake akatafuta kafuri.

Waliteremka pamoja hadi Gauri Kund, ambako Kaplesh alipanda farasi wa kukodi. Bhagto alitembea kwa vazi jepesi, meno yakigongana, amekataa shali ya Tripta. Walipobaki wawili, Tripta alimwuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Tukiteremsha kondoo kila baridi tunapita Chamba. Ninalala kwa Shivani. Nilikuwepo alipojifungua."

"Hukuniambia."

"Ulisema yuko Delhi. Nimwite Mwalimu mwongo?"

Tripta alitembea kidogo. "Kaplesh akijua, mambo ya Vinay yatavunjika."

Bhagto alisimama katikati ya njia, akacheka mpaka akakohoa. "Kaplesh ndiye aliyeniambia mimi, mwaka ule ule! Bharmour nzima inajua. Hata mfumaji wako. Tulinyamaza kwa sababu yako. Tulidhani unatuona tunavyonyamaza."

Tripta alikaa juu ya jiwe. Alifungua kifurushi, akatoa joho na kamba nyeusi. "Mpelekee. Mwambie umefuma wewe."

"Hapana, dada." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Mimi uongo wa kusomea siuwezi. Basi la Chamba linaondoka kila asubuhi. Mpelekee mwenyewe."

Hakumpelekea. Kwanza ilikuwa mvua, kisha barabara, kisha harusi ya Vinay na mpwa wa Kaplesh, iliyofanyika kwa heshima zote. Juma la kwanza bibi harusi, akikuna nazi jikoni, aliuliza bila hila yoyote, "Mama, wifi yangu wa Chamba mbona hakualikwa?" Tripta alimwambia aangalie asijikate kidole. Joho liliwekwa sandukuni pamoja na majani ya mwarobaini, na Nandu akakua hadi lisimtoshe tena.

Mwaka wa nne baada ya siku ile, Bhagto alikuja asubuhi na bahasha. Hakujua kusoma, na katika mtaa wao aliyesoma barua za watu alikuwa Mwalimu. Tripta alivaa miwani. Aliutambua mwandiko kabla hajaifungua, kwa sababu herufi zile alizifundisha yeye, mkono juu ya mkono, mezani pale pale.

Alisoma kwa sauti ya darasani, wazi, bila kukwama. "Kwa mama yangu Bhagto. Sisi wazima. Nandu anakusalimu, anauliza kondoo mwenye pembe moja bado yupo? Mdogo wake atafikisha miaka mitatu, tutamnyoa nywele mwezi wa Bhadon. Nyumba yako ndiyo kwetu. Usipokuja hatutamnyoa."

"Kuna lingine?" Bhagto aliuliza.

Tripta aligeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. "Hakuna."

Bhagto alishika kingo za vazi lake. Hakujua aweke wapi macho. "Nilifikiri safari hii atakutumia na wewe salamu zako," alisema.

"Salamu zangu za nini?" Tripta alichukua karatasi safi, akafungua kalamu. "Sema, nimwandikie nini?"

"Mwambie nitakuja." Bhagto alisita. "Na nguo mwambie nitaleta. Sasa zipo mpya, za dukani."

Tripta aliandika. Hakubadili mwandiko wake. Alipomaliza, aliweka jina la Bhagto chini, kwa herufi kubwa zilizonyooka, akaupuliza wino ukauke.

"Mwanao ataujua mkono ulioandika," Bhagto alisema.

"Ataujua."

"Nikimkuta, nimwambie nini?"

Tripta aliikunja barua mara mbili, akaitia katika bahasha. Bhagto akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.

"Atauliza kama niko mzima," Tripta alisema. "Asipouliza, usiseme chochote."